Akigonga Meza, Msikilize

Leo naomba tuweke siasa kando, bei ya unga tutairudia siku nyingine, tukae mezani tucheze. Nataka kuongea juu ya domino na mitindo yake mbalimbali.

Najua kuna mtu ameshacheka. Ananiambia, "Mzee, huku kwetu ni drafti na kadi. Domino ni ya watu wa Pwani." Sitabishana naye sana. Shuka kwenye matatu ya 46 pale Kawangware, hapa Nairobi, tembea kidogo tu, na kwenye steji ya bodaboda utakuta ubao wa drafti juu ya kreti ya soda. Kete ni vifuniko vya chupa, vya huku vimelala kifudifudi, vya kule vimelala chali. Wawili wanacheza, kumi wanafundisha. Kibera ni vivyo hivyo, ukitoka soko la Toi ukateremka kuelekea relini. Kadi nazo ziko kila mahali palipo na kivuli na vijana wanaongojea kazi. Wazee waliotoka Nyanza hawajasahau ajua, ule mchezo wa mashimo ya safu mbili. Domino ndiyo utakayoitafuta. Lakini ipo, huku na huku, na mimi kila ninapoikuta hukaa kitako, kwa sababu nitakayoieleza.

Kwanza kwa asiyeijua. Seti ya kawaida ina kete 28. Kila kete imegawanywa katikati kwa mstari, na kila nusu ina matundu, kuanzia sifuri, yaani pasipo kitu, hadi sita. Kila jozi ya namba inapatikana mara moja tu: tano-tatu ni moja, sita-mbili ni moja, hakuna nyingine. Zenye namba ileile pande zote mbili tuziite dabo. Ziko saba, kutoka dabo sifuri hadi dabo sita. Kete zinalazwa kifudifudi, zinachanganywa kwa viganja, kila mtu anachukua zake na kuzisimamisha mbele yake ili jirani asichungulie. Wa kwanza anaweka kete, wa pili anaunganisha namba kwa namba, tano kwa tano, mbili kwa mbili, na mstari unakua. Hata ukirefuka vipi, una ncha mbili tu za kuchezea. Anayemaliza kete zake kwanza ameshinda. Mtoto wa gredi ya pili anaielewa kabla chai haijapoa.

Mitindo inaachana pale mtu anapotazama ncha zote mbili, akatazama kete zake, akakuta hana kitu. Afanye nini?

Kuna majibu mawili makubwa duniani. La kwanza: aokote. Mtindo huu ni wa watu wawili. Kila mmoja anachukua kete saba, 14 zinabaki zimelala pembeni. Aliyekosa anaokota moja, akikosa tena anaokota nyingine, hadi apate inayoingia. Kwa kawaida kete mbili za mwisho haziguswi, ili pabaki siri hata mwishoni. Ni mchezo mzuri wa jioni, wa mtu na mwenzake, na una kichekesho chake: aliyeokota nyingi na kuonekana ameumia, wakati mwingine ndiye anayekuja kushika usukani, maana sasa ana kila namba mkononi na mwenzake amebaki na mbili zisizoingia popote. Hata hivyo bahati ina mkono mrefu sana hapo. Unaweza kucheza vizuri na ukazikwa na kete zilizokuwa zimelala.

Jibu la pili: apite. Hakuna kuokota. Anagonga meza kwa kidole au kwa kete, zamu inakwenda kwa mwingine. Mtindo huu ni wa watu wanne, kete saba kila mmoja, na saba mara nne ni 28, kwa hiyo mezani hakubaki hata moja. Wanaokaa wakitazamana ni timu moja. Zamu inazunguka, kwa hiyo kila mara aliye kabla yako ni mpinzani na anayekufuata ni mpinzani. Mwenzako yuko ng'ambo ya meza, na hamruhusiwi kuongea juu ya kete, wala kukonyezana, wala kukohoa kikohozi chenye maana.

Huu ndio mtindo ninaoupenda mimi. Kwenye drafti kila kitu kiko wazi juu ya ubao, unaona jeshi lote la mwenzako, na unashindwa kwa sababu hukuona mbali. Kwenye kamari za barabarani kama pata potea kila kitu kimefichwa, na unashindwa kwa sababu mwenye karata ni mwizi. Domino ya watu wanne iko katikati. Huoni kete za mtu, lakini unajua zote ziko mikononi mwa watu hawa hawa wanne, na kila mtu analazimika kukwambia kidogo kidogo anacho nini. Anayekwambia zaidi ni yule aliyegonga meza. Ncha zikiwa tano na tatu na mtu akagonga, amekutangazia kwamba hana tano hata moja na hana tatu hata moja. Kwa mpigo mmoja kete 13 umezitoa mkononi mwake. Anayekaa maskani akitazama simu wakati mwenzake anagonga, huyo amekuja kupiga stori tu.

Kutoka hapo kazi inakuwa ni hesabu na roho ngumu. Umeshajua hana tano. Basi zamu ikifika kwako, ukiwa na uwezo wa kuiacha ncha ya tano wazi, iache. Iache tena na tena. Agonge mara mbili, mara tatu, kete zake zibaki zimesimama kama zilivyo. Mwenzako wa ng'ambo naye, kama ana akili, ameona unachofanya bila kuambiwa, atailinda ile tano asiifunike hata kama ana kete inayoingia hapo, atacheza ncha nyingine. Watu wawili wanaelewana bila neno, mezani pa watu wanaopiga kelele.

Ngoja niwaonyeshe jambo moja kwa karibu, mliokaa na seti mtoe kete mnifuate. Kila namba iko kwenye kete saba. Chukua nne: nne-sifuri, nne-moja, nne-mbili, nne-tatu, dabo nne, nne-tano, nne-sita. Basi. Sasa mchezo umesonga, na wewe mwenye kuhesabu umeona kete sita za nne zimeshashuka, dabo ikiwemo. Ya saba ni nne-mbili, na iko mkononi mwako. Mezani ncha moja ni nne, na ya pili, kwa bahati, ni mbili. Una njia mbili. Ukiiweka kwenye nne, ncha zote mbili zinakuwa mbili na mchezo unaendelea. Ukiiweka kwenye mbili, ncha zote mbili zinakuwa nne, na nne nyingine hakuna duniani. Anayekufuata anagonga, mwenzako anagonga, wa nne anagonga, unagonga wewe. Mchezo umefungwa. Hakuna aliyemaliza kete, na sasa kila mtu analaza zake wazi na kuhesabu matundu yaliyombakia. Mwenye machache ndiye mshindi.

Sasa uamuzi ni wako, na una nusu dakika kabla watu hawajaanza kukusukuma. Unafunga au hufungi? Ukiwa umebaki na kete moja yenye matundu matatu, na umeona mpinzani anayekufuata amegonga kwenye moja na kwenye sifuri, maana yake kete zake ni za mbili kwenda juu, ni nzito. Funga. Lakini kama unashika sita-tano na dabo tano, umebeba matundu 21, ukifunga umejifungia ndani na moto. Cheza kwenye nne, uendelee kupumua. Nimeona watu wakifunga kwa sababu tu kufunga kuna raha, kete inapigwa pa! mezani, halafu hesabu inafanyika na wanabaki wanakuna kichwa.

Na hapo ndipo ugomvi wa maskani unapozaliwa, maana sheria ya kuhesabu si moja. Kuna wanaosema ni mtu mmoja mmoja: mwenye matundu machache kuliko wote, timu yake imeshinda. Kuna wanaosema hapana, timu ijumlishe mkono na mkono. Matokeo yanaweza kuwa tofauti kabisa. Wewe una matatu, mwenzako ana 30, jumla 33. Wapinzani mmoja ana 10 na mwingine 12, jumla 22. Kwa sheria ya kwanza umeshinda, kwa ya pili umepigwa. Je, mkitoka sare? Wengine wanarudia, wengine wanampa ushindi asiyefunga. Anayeanza ni nani, mwenye dabo sita kila mara, au ni raundi ya kwanza tu halafu aliyeshinda ndiye anayeanza? Na mnacheza hadi 100, au mnahesabu michezo? Sijawahi kukuta maskani mbili zinazofanana kwa yote haya. Sioni ubaya wowote. Ubaya ni kuuliza sheria baada ya kete kulazwa, wakati kila mtu ameshajua ni sheria gani inamfaa.

Kawangware nilikaa kwenye seti moja, karibu na kinyozi, ambayo kete yake moja ilikuwa imepotea. Ilikuwa tatu-moja. Wakachonga nyingine kwa mbao, wakachoma matundu kwa msumari wa moto, ikakaa vizuri kabisa isipokuwa kwa jambo moja: zingine zote zilikuwa plastiki nyeupe, na hii ya mbao ilionekana na dunia nzima. Zikilala kifudifudi unajua ni ipi, ikisimama mkononi mwa mtu unajua anayo. Kwa domino huo ni ugonjwa. Wale vijana hawakununua seti mpya. Waliweka sheria: kete ya mbao haichaguliwi, inachanganywa chini ya kitambaa pamoja na zingine, na atakayeipata ndiye anayeanza, na anaanza kwayo. Ikishuka ya kwanza, siri imekwisha, zilizobaki 27 zote zinafanana. Pale hakuna habari ya dabo sita kuanza. Anayekuja kutoka mtaa mwingine anashangaa, anaambiwa, "Boss, hapa tunaanza na mbao." Nimesoma habari za mitindo mingi ya domino, na huo siujui kwingine.

Turudi kwa yule aliyecheka mwanzoni na kusema kwetu ni kadi. Ndugu yangu, kadi unayocheza ni domino iliyovaa nguo nyingine. Tazama mifupa yake. Karata iko juu, wewe unatafuta ya kufanana nayo, kwa namba au kwa ua. Ukiwa nayo unaweka, ukikosa unaokota. Wa kwanza kumaliza ameshinda. Ni ule mtindo wa kwanza niliousema, wa kuokota. Sisi tumeuwekea pilipili: mbili unamwokotesha mwenzako mbili, tatu unamwokotesha tatu, joka tano, jeki anarukwa mtu, kingi mchezo unageuka ulikotoka, nane na kwini ni swali na lazima liwe na jibu, esi unaomba ua unalotaka. Na kabla hujamaliza lazima utangaze, "Niko kadi," usikike. Mwenye kulielewa hilo, domino hatajifunza, atakumbuka tu.

Ila kuna tofauti moja. Kwenye kadi ukimjua mwenzako hana kopa, anaokota na pengine anaipata, ujuzi wako umechacha. Kwenye domino ya kupita, asichokuwa nacho hatakuwa nacho hadi mwisho. Alichokwambia mwanzoni kinabaki kweli. Ndiyo maana kumbukumbu inalipa zaidi. Ndiyo maana pia kugonga kwa uongo, yaani kupita wakati unayo, ni kosa kubwa kwenye meza hiyo. Na ni kosa la kijinga, kwa sababu ile kete uliyoificha itabidi ishuke siku hiyo hiyo, na kuna mzee mmoja kimya pembeni anayekumbuka kwamba uligonga.

Nimetaja Pwani. Huko na Visiwani wanaita dhumna, na ni mchezo wa baraza, pamoja na bao na karata. Ukifika Mji Mkongwe wa Zanzibar, pale Jaws Corner, utakuta watu wanakunywa kahawa chungu na kucheza. Baraza ndiyo iliyouweka mchezo huu hai, kwa maoni yangu. Watu wanne wanahitaji kukaa muda mrefu, wakitazamana, kwenye meza au sakafu isiyotikisika, na kahawa isiyo ghali. Misri nako domino ni mchezo wa mkahawa, mtu haendi mkahawani akakosa mezani pa kukaa. Nairobi yetu imeminya watu. Maskani ya Kibera ni benchi moja kando ya njia ambayo mkokoteni wa maji unapita kila wakati, na mvua ikinyesha benchi lenyewe linaingizwa ndani. Drafti inahitaji watu wawili na ubao wa kuweka magotini. Domino ya wanne inahitaji meza. Sidhani kuna sababu kubwa kuliko hiyo.

Mitindo mingine niipitie haraka, kwa wenye kupenda kujaribu. Kuna ule wa tano-tano. Unacheza kama kawaida, lakini kila ukiweka kete unajumlisha ncha mbili, na jumla ikigawanyika kwa tano unapata alama hizo hapo hapo. Sita huku na nne kule, kumi, ziandike. Dabo inalazwa kimkingamo na inahesabiwa pande zote mbili, kwa hiyo anayeanza na dabo tano anavuna kumi kabla mtu hajakaa sawa. Mwalimu yeyote wa gredi ya tatu mwenye watoto wasiopenda kujumlisha, ninampa mtindo huu bure. Kuna mwingine uitwao matador, ambao namba hazifanani bali zinajumlishwa kufika saba: kwenye tano unaweka mbili, kwenye nne unaweka tatu. Sifuri haina mwenzake wa kufikisha saba, kwa hiyo ncha ya sifuri inafunguliwa tu na kete maalumu, ambazo ni sita-moja, tano-mbili, nne-tatu na dabo sifuri. Huo unaumiza kichwa, na sijakuta maskani iliyouvumilia hadi mwisho.

Kuba wanacheza na seti kubwa inayofika dabo tisa, kete 55. Wanne wanachukua kumi kumi, na 15 zinabaki zimelala bila kuguswa. Hiyo 15 inabadilisha kila kitu, maana sasa nne ya mwisho inaweza isiwe mkononi mwa mtu yeyote. Jamaika hawasikii utamu hadi timu moja ishinde mara sita mfululizo bila ya pili kupata hata moja, na hapo aliyefungwa sita kwa bila hana pa kuficha uso. Huko Texas, Marekani, inasimuliwa kwamba vijana wawili wa familia za Kibaptisti waliokatazwa karata ndio waliobuni, mwaka 1887, namna ya kucheza mchezo wa karata kwa kutumia kete za domino. Wazazi wakaridhika. Waliokulia nyumba za dini hapa Nairobi wanaijua hesabu hiyo vizuri: karata zinakodolewa macho, domino zinaachwa zipite.

Ila pesa zikiingia mezani, hakuna kifaa kinachokuokoa. Hilo liwe wazi. Mtindo wa maskani nyingi ninazozijua ni "aliyefungwa anainuka", timu iliyoshindwa inaacha benchi, wawili waliokuwa wanangoja wanakaa, na washindi wanabaki hadi wapigwe. Hakuna shilingi iliyotoka mfukoni, na bado watu wanacheza kufa na kupona, kwa sababu kuinuka mbele ya watu kunauma. Zaidi sana ni chai. Vijana wetu wameshakula hasara ya kutosha kwenye kubeti mpira kwa simu, mtu peke yake usiku akiangalia timu ya nchi ambayo hajui iko wapi. Benchi likiwa mahali pa kupumzika na hilo, tusililetee noti, na askari asipate kisingizio.

Namalizia na mifupa. Domino ilitoka China, na seti ya Wachina hadi leo ni ya kete 32, zilizotokana na jinsi dadu mbili zinavyoweza kuanguka. Dadu mbili zinatoa jozi 21 tofauti. Wachina wakazirudia 11 kati yake. Huko Ulaya, ambako mchezo ulionekana Italia katika karne ya 18, jozi zilibaki 21 bila kurudiwa, zikaongezwa saba zenye sifuri, na ndiyo 28 yetu. Kwa muda mrefu kete hizo zilichongwa kwa mfupa. Wakati wa vita vya Napoleon, kwenye kambi ya wafungwa ya Norman Cross huko Uingereza, kati ya mwaka 1797 na 1814, wafungwa Wafaransa walikuwa wakiokoa mifupa kwenye mgao wao wa nyama, wanaichonga kuwa masanduku na seti za domino, na kuwauzia wanakijiji langoni. Baadhi ya kazi hizo ziko kwenye makumbusho ya Peterborough.

Sasa, msikilizaji, Kibera ina mafundi wa mifupa. Wanajulikana. Mfupa wa ng'ombe unatoka vichinjioni, na vichinjio vya Dagoretti haviko mbali na Kawangware; unachemshwa mafuta yatoke, unakatwa kwa msumeno, unasuguliwa, unang'arishwa, unakuwa shanga, hereni, bangili, kishikizo cha koti. Vingi vinauzwa kwa watalii na kupelekwa ng'ambo. Fundi anayeweza kutoboa shanga ndogo ya mfupa bila kuipasua anaweza kutoboa kete ya domino akiwa amefumba jicho moja.

Basi fundi unayenisikiliza, nina ombi. Seti nzima ni vipande 28 na matundu 168, usipunguze wala usizidishe. Vipande viwe vya unene mmoja ili visimame, migongo ifanane ili isijulikane, na rangi ya matundu iwe nyeusi ionekane hata jioni stima zikipotea. Chonga moja ya watalii ukitaka, bei utapanga mwenyewe. Lakini ya kwanza iache kwa maskani ya mtaani kwako, na mkikaa, kabla hamjachanganya kete, semeni kwanza mkifungwa mtahesabu mtu au mtahesabu timu.